Shokapu Nne na Mgongo wa Mama Mkubwa

Mlioniuliza kanisani, na ninyi mnaonitumia ujumbe kila nikishika mkasi, nimewasikia. Mnataka kujua kwa nini nilikwenda Karagwe nikisema ni safari fupi, nikapotea hadi mkadhani nimehamia, na kwa nini siku hizi mume wangu Deo akiona shimo barabarani hushuka kwanza kulitazama. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku nikipima vitambaa vya wateja pale Kimironko. Basi naandika yote mara moja. Anayetaka kucheka acheke akiwa kwake.

Gatsata, kabla ya kuondoka

Gari letu mnalijua. Lilikuwa limefikia hali kwamba ukipita kwenye tuta linainama, linainuka, linainama tena, kama mgeni anayeaga na bado hajataka kuondoka. Kwa lami ya hapa mjini tulivumilia. Lakini safari hii ilikuwa ya kwenda kumchukua mama mkubwa Verediana, dada wa mama yangu, kumleta Ndera amwone mdogo wake.

Familia yetu iliporudi Rwanda kutoka Tanzania, mama mkubwa alibaki Karagwe. Alikuwa ameolewa huko, ana watoto na migomba yake, na hakuona sababu ya kuviacha. Tangu hapo yeye na mama hawakuwa wameonana uso kwa uso. Sasa mama miguu yake imevimba, safari ndefu hawezi. Mama mkubwa naye alianguka shambani, na daktari akamwambia mgongo wake hautaki kurushwarushwa. Walibaki na simu tu, na miaka ya karibuni hata simu zilikuwa fupi. Mara mbili tatu mama mkubwa alishaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama kwetu mvua imenyesha, kama mdogo wake ana neno naye. Nilimwambia hapana.

Kwa hiyo tulilipeleka gari Gatsata kwa Haruna, fundi wetu, mtu wa Biryogo ambaye Kiswahili chake amekinyonya kwa nyanya yake. Haruna alikandamiza kila pembe ya gari, akalala chini, akatoka na mafuta kwenye vidole. Akasema shokapu za nyuma zimekufa na za mbele zinaaga, hivyo tubadilishe zote nne.

Deo, kama mnavyojua, amekulia Uganda. Kiswahili alikiokota ukubwani, na ufundi wa magari ameuokota kwenye simu.

"Hii ya mbele iko nzima," alisema, akiegemea boneti kwa mikono miwili. "Iko na nguvu bado. Tutengeneze ya nyuma."

Haruna alinitazama mimi. Mimi nikamtazama Deo. Kwa ajili ya amani ya nyumba, tukabadilisha mbili za nyuma. Jioni ile Deo alilizungusha gari mtaani akiyafuata matuta makusudi, akitabasamu peke yake.

Kigali hadi Rusumo

Sehemu hii haina masimulizi mengi, kwa sababu barabara ilikuwa nzuri, na barabara nzuri haina habari. Tulipita Rwamagana, tukapita Kayonza, gari limetulia kama limekula likashiba. Kila kona Deo aliniuliza kama naona tofauti. Nilisema naona. Alipouliza tena nilisema naona sana.

Kabarondo tulisimama kula mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma. Mishikaki ilichelewa, na kwa kuwa ilichelewa, Deo alipata nafasi ya kumweleza dereva wa lori aliyekaa meza ya pili habari za amotisa zetu mpya, maana shokapu yeye huziita hivyo. Dereva alisikiliza kwa heshima akitafuna. Akauliza tunaelekea wapi. Niliposema Karagwe, kwa ile njia ya vumbi ya kutoka Benako, aliacha kutafuna.

"Na za mbele ni mpya pia?" akauliza.

Deo aligundua ghafla kwamba anahitaji kunawa mikono.

Rusumo tulivuka daraja maporomoko yakinguruma chini yetu, nami nikaanza kumkumbusha Deo kwamba upande wa pili watu hupita kushoto. Alijibu anajua. Alijua hadi tulipopita majengo ya mpaka, kisha akashika kulia kama yuko Remera, Kigali. Pikipiki ilikuja mbele yetu. Yule kijana aliyeiendesha hakupiga honi wala hakutukana. Alisimama, akaweka mguu chini, akasubiri Deo naye asimame, kisha akasogea dirishani.

"Karibuni Tanzania, mzee," alisema. "Huku tunapita kushoto."

Deo alimshukuru sana. Kwa muda mrefu baada ya hapo hakuniuliza kama naona tofauti.

Benako hadi Karagwe

Benako tulikunywa chai, na hapo nilimwacha Deo aagize mwenyewe, maana mtu hujifunza lugha kwa kuitumia. Akamwomba mama wa pale chai mukaru. Nyumbani tunaelewana: chai mukaru ni chai isiyo na maziwa. Yule mama alisikia mkali. Akaitikia vizuri, akaingia jikoni, na tukasikia kinu kikitwanga. Chai ilikuja imejaa tangawizi na pilipili manga, nyeusi, inawasha hata kwa kuitazama. Deo alikunywa yote. Machozi yalimtoka akasema ni vumbi. Yule mama, kwa kufurahi kuona mgeni anayejua vitu vizuri, akamwongezea kikombe cha pili.

Pale pale mwanamke mmoja aliyebeba kuku wawili kwenye kikapu alituomba lifti. Jina lake Mama Asteria, anakaa njiani, karibu nusu ya safari. Tulimkaribisha nyuma pamoja na kuku wake, na namshukuru Mungu, kwa sababu bila yeye tungelia njia nzima.

Lami ilikwisha, ikaanza barabara yenyewe. Sijui niielezeje. Ilikuwa imechongwa zamani, kisha ikaachiwa mvua na malori, na kila mmoja akafanya alivyotaka. Sehemu moja ina mikunjo kama bati, meno yanagongana, sehemu nyingine ina korongo linalokata njia. Mama Asteria alikuwa anayajua mashimo yote kwa majina.

"Punguza, baba," alimwambia Deo. "Hili ni Bwana Harusi."

Nikauliza kwa nini. Akaeleza kwamba bwana harusi mmoja gari lake lilivunjikia hapo, akamalizia safari kwa baiskeli iliyobeba ndizi, na bibi harusi alipomwona anaingia kanisani na utomvu kwenye suti alitaka kurudi kwao. Mbele kidogo tukakuta lingine pana kama bwawa, akasema hilo ni Ahadi, maana kila msimu wa kura mtu fulani husimama ukingoni mwake kusema litazibwa. Deo alicheka sana. Alikuwa bado anacheka tulipotumbukia kwenye lingine.

Palitokea kishindo mbele, upande wa kushoto, kisha ikafuata sauti ya chuma kugonga chuma. Kuku mmoja akatoka kikapuni, akakaa mapajani mwangu.

"Na hili linaitwaje?" niliuliza.

"Hilo ni jipya," alisema Mama Asteria. "Bado halijapewa jina."

Deo alishuka akachungulia gurudumu. Shokapu ya mbele, ile nzima, ile yenye nguvu bado, ilikuwa imekatika, mafuta yanachuruzika. Alisimama pale, mikono kiunoni, akiitazama kwa muda. Sikusema kitu. Ndoa inahitaji vitu kama hivyo. Lakini Mama Asteria hakuwa ameolewa naye.

"Hiyo ilikuwa nzee, baba," alisema kwa huruma. "Hukuambiwa na fundi?"

Tukaanza kutambaa. Waliokuwa wakisukuma baiskeli za ndizi walitupita. Mmoja alitupita, akasimama kijijini kunywa maji na kuongea na watu, akatupita tena na kutusalimu kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Mama Asteria tulimshusha kwake akatuachia mayai, mimi nikayashika mkononi hadi mwisho wa safari kama mtu aliyebeba sakramenti. Lilivunjika moja tu, nalo lilikuwa kwenye geti la mama mkubwa, Deo alipofunga breki kwa furaha ya kufika.

Karagwe, tulipokaa tukisubiri

Mama mkubwa alikuwa amesimama barazani na fimbo yake. Alisema alitusikia tangu tulipokuwa kwenye kona ya shule. Nikapiga goti nikatoa shikamoo. Deo, ambaye nilimfundisha njia nzima, alikuwa amejifunza jibu kuliko salamu. Alimshika mkono mama mkwe wake akasema, "Marahaba."

Mama mkubwa alinitazama. "Mkwe wangu amenizidi umri," alisema, na akamkaribisha ndani.

Tulikula ndizi zilizopikwa na maharage na samaki mkavu, nikala mpaka nikaona aibu. Baada ya chakula mama mkubwa alitoka, akaliona lile gari lililolala upande mmoja mbele, akalizunguka na fimbo yake. Alilisukuma kidogo kwa kiganja. Gari lilipiga kelele.

"Kati ya mgongo wangu na hili gari," akauliza, "nani ana nafuu?"

Akasema hasafiri. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekuwa ametafuta sababu muda mrefu, na sisi tukamletea mlangoni.

Fundi wa mjini Kayanga, Rweyemamu, hakuwa na shokapu za gari kama letu, zikaagizwa Bukoba zije na basi. Deo alisisitiza amotisa, fundi akasisitiza shokapu, wakakubaliana kwa kuoneshana kwa mikono. Siku iliyofuata basi lilileta za nyuma. Deo na Rweyemamu walizitazama pamoja kwa huzuni moja, wakawa marafiki tangu hapo. Zikarudishwa, tukasubiri nyingine. Basi lililofuata halikufika kabisa, kwa sababu ya mvua. Deo akawa anashinda gereji akijifunza Kiswahili cha Karagwe, na jioni anaitikia marahaba kabla mtoto hajafungua mdomo.

Mimi nilishinda na mama mkubwa. Mchana mmoja tulikuwa nyuma ya nyumba tunamenya ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu. Akasema jambo bila kuinua macho.

"Mama yako akipokea simu yangu anapokea kama mtu aliyebishiwa hodi na mdai. Nilimwambia ng'ombe wangu amekufa, akajibu Mungu asifiwe. Nikamwambia nimeanguka, siwezi hata kuinama. Akacheka." Alimenya ndizi moja, akaitia majini. "Nikajua bado hajanisamehe kubaki huku. Sasa unipeleke mimi kwa mtu wa hivyo, mgongo huu, ili nikafanye nini?"

Kisu changu kilisimama. Sisi wa nyumbani tumezoea kumpigia mama kelele hata kumwambia chakula tayari, tukaona ndivyo dunia ilivyo. Hakuna aliyekumbuka kwamba aliye mbali hajui.

"Mama mkubwa," nikamwambia, "mama hasikii."

Aliniangalia.

"Masikio yamekwisha. Na hataki watu wajue. Akishika simu anasikia kuna mtu, basi. Anaotea. Anadhani umemsalimia, anashukuru. Anadhani umemtania, anacheka. Akikata simu anatwambia umezungumza vizuri sana."

Nilidhani mama mkubwa atalia, na pengine alilia kidogo, lakini alikuwa ameinamia beseni na sikuona vizuri. Alimenya ndizi moja, na nyingine. Kisha akajifuta mikono kwenye kanga yake, akasema, "Huyo fundi wenu anamaliza lini?"

Kesho yake asubuhi alikuwa gereji kabla ya Rweyemamu.

Karagwe hadi Kigali

Shokapu za mbele zilifika, mbili, za gari letu kweli. Deo alizishika kila moja kama anayepokea mtoto. Zilipofungwa, mama mkubwa hakutaka maelezo ya fundi yeyote. Alikaa kiti cha nyuma, akaweka mapajani kibuyu cha maziwa bila kifuniko, akamwamuru mkwe wake aende kanisani na kurudi. Wote tulisubiri gereji. Waliporudi aliangalia ndani ya kibuyu, akaangalia kanga yake, kisha akampa Deo kibuyu anywe. Ndivyo tulivyojua gari limefaulu.

Kisha likaja suala la mizigo. Alikuja na mikungu ya ndizi, gunia la maharage, kahawa, na jiwe la kusagia ambalo alisema mama alilisahau alipohama. Deo alijaribu kueleza kwamba uzito utaziumiza shokapu. Mama mkubwa alimuuliza kama ni shokapu zinazokwenda kumsalimu dada yake au ni yeye. Jiwe likapakiwa. Na niseme ukweli, gari lililobeba mzigo lilitulia kuliko lilivyokuja tupu.

Tulikwenda polepole, mito minne imemzunguka mama mkubwa. Mbele kidogo ya kwa Mama Asteria, mwendesha pikipiki aliyetoka tunakokwenda alitupungia mkono tupunguze.

"Angalieni hapo mbele," alisema. "Kuna Mnyarwanda."

Tulidhani kuna mtu amekwama. Tulipofika tukaona lile shimo letu, sasa limepata jina. Deo alisimamisha gari, akashuka, akalitazama kwa muda. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza, na tangu siku hiyo ameendelea na tabia hiyo. Alirudi akalizunguka taratibu sana, na mama mkubwa akasema kwa mara ya kwanza kwamba binti yake ameolewa na mtu mwenye adabu.

Rusumo tulivuka vizuri, ila Deo aliporudi upande wa kulia mama mkubwa alimchapa bega kwa fimbo akisema anawapitia watu njia yao. Ilibidi nimweleze hadi Kirehe. Kutoka hapo alitazama vilima. Mara moja moja alitaja jina la mtu ambaye simjui.

Ndera

Sasa sikilizeni. Tumepita mikunjo ya bati, tumepita Ahadi na Bwana Harusi na huyo mwenzetu Mnyarwanda. Tumefika Kigali wazima wazima, mgongo haujalalamika. Na kilichotushinda ni kilima cha kwetu, pale unapoacha lami ya Ndera kupanda kwa mama.

Mvua ilikuwa imenyesha siku zote tulipokuwa mbali. Njia ilikuwa imechanika katikati, na magari ya mchanga ya wanaojenga nyumba mpya yalikuwa yamemalizia kazi. Deo alijaribu mara moja, gari likateleza likakaa kwa tumbo. Shokapu nne mpya, na hakuna hata moja iliyoweza kutusaidia, kwa sababu shokapu haina miguu.

Deo akasema atafute vijana wambebe mama mkubwa. Alikataa. Alifungua mlango, akashika mkono wangu na fimbo, akaanza kupanda. Alipanda kwa kusimama, anapumua, anaendelea. Nilitaka kumwambia apumzike nikaona uso wake, nikaacha.

Mama alikuwa amekaa uani anachambua mchele, ametupa mgongo. Hakusikia gari likinguruma chini, hakusikia geti, hakusikia fimbo. Mama mkubwa alitoa mkono wake mkononi mwangu, akazunguka taratibu, akasimama mbele yake.

Mama aliona kwanza viatu vyenye tope. Akainua kichwa. Ungo uliinama, mchele ukamwagika, na hakuna aliyeuangalia. Hakuinuka, maana miguu haikumruhusu haraka hivyo, na dada yake hakuweza kuinama. Wakabaki hivyo, mmoja chini mmoja juu, wakishikana mikono na kutazamana, mpaka nilipoleta kigoda.

Alipokaa, mama mkubwa alisogeza mdomo kwenye sikio la mdogo wake akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa majirani, "Koleta, nilidhani umeninunia!"

Mama alimtazama kwa mshangao.

"Mimi nilidhani unanong'ona makusudi," alisema.

Wakaanza kucheka, na kicheko kikageuka machozi, na sisi tukaenda kusukuma gari.

Mpango ulikuwa akae wiki mbili. Zilipokwisha nilimuuliza siku ya kurudi, akasema mgongo wake hauna tatizo na gari halina tatizo, ila kile kilima hawezi kukishuka mpaka kitengenezwe. Mama akaunga mkono, kwa sauti kubwa. Niliona ni sawa, kwa kuwa sisi sote tumekuwa tukiomba kile kilima kitengenezwe tangu tulipohamia, na hakijaguswa.

Basi juzi greda lilikuja. Mtaa mzima ulitoka kushangilia, watoto wakalikimbilia, jirani mmoja akaleta soda kwa dereva. Nami nikakimbia ndani kuwapa wazee habari njema. Walitoka na vigoda vyao wakakaa ukingoni mwa njia, bega kwa bega, wakaangalia lile greda likipanda na kushuka likisawazisha udongo. Hawakushangilia. Baada ya muda mama mkubwa alimwita Deo, akamtuma akamwambie yule dereva kwamba kazi nzuri haitaki haraka.